"Makumi Mbili" si Kosa

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu, maana ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Kila Jumamosi asubuhi baadhi yetu wanachama huenda Sparkhill, hapa Birmingham, kuwasaidia watoto wa familia za Afrika Mashariki katika Kiswahili na hesabu. Chumba ni cha kuazima, katika mtaa wa pembeni ya Stratford Road. Kina meza mbili ndefu na ubao mweupe ambao kalamu zake hukauka kila tunapozihitaji. Watoto wana umri wa miaka 6 hadi 9. Wapo wenye asili ya Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Bukavu, na wapo Wasomali wawili watatu ambao mama zao waliishi Kenya kabla ya kuja huku.

Siku moja tulikuwa tukihesabu vijiti vya aiskrimu. Binti mmoja wa miaka 7, ambaye wazazi wake wametoka Bukavu, alifika kumi na tisa, akavuta pumzi, akasema, "Makumi mbili." Nikamkatiza: "Hapana, mwanangu. Ni ishirini." Akarudia: ishirini. Kijiti kilichofuata akasema, "Makumi mbili na moja." Nikamkatiza tena. Tulipokaribia thelathini alikuwa ameshanyamaza, anasogeza vijiti kwa kidole tu. Mama yake alikuwa ameketi nyuma akisubiri. Tulipomaliza aliniambia kwa upole, "Mwalimu, sisi kwetu tunasemaka makumi mbili." Nami, kwa jeuri ya mtu aliyetoka juzi kwenye mtihani wa isimu, nikamjibu kwamba hiyo ni lahaja, na hapa tunafundisha Kiswahili sanifu. Akasema, "Sawa, mwalimu," akamvisha mtoto koti.

Wiki tatu baadaye niliwapa watoto zoezi jingine. Niliweka vijiti 23 mbele ya kila mmoja, nikaandika 23 ubaoni, nikaizungushia duara ile tarakimu 2. Nikawauliza: hii 2 ni vijiti vingapi? Nionyesheni. Karibu wote waliinua vijiti viwili. Hata waliokuwa wakihesabu hadi mia bila kukwama waliinua vijiti viwili. Yule binti alihesabu vijiti kumi, akavifunga kwa mpira. Akahesabu kumi vingine, akavifunga. Akasukuma mafungu yote mawili mbele yangu. "Ni hii," akasema. "Makumi mbili."

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Tunapowafundisha watoto wetu namba nzima, tuyatumie majina yanayoonyesha mamoja yako wapi, makumi yako wapi na mamia yako wapi. Kiswahili kinayo majina hayo. Kuyaacha kwa sababu ya shule, au kuyasahihisha kwa sababu ya usanifu, ni kumnyang'anya mtoto ngazi aliyokwisha kuipanda.

Tukubaliane kwanza juu ya kitu chenyewe. Tarakimu zetu ni kumi tu, kuanzia 0 hadi 9, na kwa hizo kumi tunaandika namba yoyote tunayotaka. Hilo linawezekana kwa sababu thamani ya tarakimu hutegemea nafasi yake. Ile 2 katika 32 ni mbili, katika 23 ni ishirini, katika 205 ni mia mbili. Kwa mtu mzima jambo hili ni jepesi mno hata hakumbuki kwamba alifundishwa. Kwa mtoto ni jambo geni, kwani hadi siku hiyo alijua kwamba alama 2 ni vitu viwili. Sasa anaambiwa kwamba inaweza kuwa mafungu mawili, na kila fungu lina vitu kumi ndani yake.

Asipolishika hilo, yanayofuata yote huyumba. Kuchukua katika kujumlisha na kukopa katika kutoa ni kubadilisha fungu la kumi kuwa mamoja, au mamoja kumi kuwa fungu. Asiyeliona fungu hukariri hatua bila kujua anafanya nini. Na shule hazingoji. Mtaala wa taifa unaotumika Uingereza tangu mwaka 2014 unamtaka mtoto wa mwaka wa pili, mwenye miaka 6 au 7, atambue makumi na mamoja katika namba ya tarakimu mbili. Mwaka wa tatu huongezwa mamia, na mwaka wa nne maelfu. Aliyeteleza kwenye makumi huanza kila mwaka akiwa nyuma.

Sasa tuitazame lugha ambayo mtoto huyu anafundishiwa. Mtoto wa Kiingereza akishapita kumi hukutana na "eleven" na "twelve", majina yasiyomwonyesha kumi yoyote. Halafu hukutana na "thirteen" hadi "nineteen", ambako mamoja hutangulia na kumi hufuata, kinyume cha maandishi. Anasikia nne kwanza katika "fourteen", anaandika 4, kisha anaandika 1, na tayari amepata 41. Kosa hili tunaliona kila wiki, na si la uvivu, kwani mtoto ameandika alichosikia. Zaidi ya hayo, "fourteen" na "forty" karibu zifanane masikioni, hasa katika chumba chenye kelele.

Katika Kiswahili, 14 ni kumi na nne. Kumi inatamkwa kwanza na inaandikwa kwanza. Nne inafuata mdomoni na inafuata karatasini. Mtoto hahitaji kukariri kumi na moja hadi kumi na tisa kama majina tisa mapya. Akijua kuhesabu hadi kumi na akilijua neno "na", amemaliza.

Kwamba jambo hili lina uzito, si sisi Waswahili peke yetu tunaosema. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Irene Miura na wenzake waliwapa watoto wa darasa la kwanza wa nchi mbalimbali vipande vya moja moja na vya kumi kumi, wakawaambia wajenge namba. Watoto wa Kichina, Kijapani na Kikorea, ambao lugha zao husema "kumi moja" kwa 11 na "mbili kumi" kwa 20, walielekea kuchukua vipande vya kumi. Wamarekani walielekea kurundika vipande vya moja moja. Mtu anaweza kusema kwamba shule za huko na malezi ya huko ni tofauti, na atakuwa na haki. Basi tumtazame jirani yetu wa magharibi, Wales. Kiwelshi kina njia ya zamani ya kuhesabu kwa ishirini ishirini, na njia mpya inayosema "moja kumi moja" kwa 11 na "mbili kumi" kwa 20. Shuleni hufundishwa hiyo mpya. Ann Dowker na wenzake walipowalinganisha watoto wanaosomeshwa kwa Kiwelshi na wenzao wa Kiingereza, hawakukuta kwamba wa Kiwelshi ni hodari zaidi katika hesabu zote. Walikuta kwamba wana nafuu mahali mahsusi: katika kusoma na kulinganisha namba za tarakimu mbili. Nafuu hiyo ndiyo ninayoitafuta Sparkhill. Sidai zaidi.

Wala hii si mara ya kwanza mtoto wa kwetu kuja nchi hii akiwa na mfumo ulio wazi kuliko aliokuta. Familia nyingi za Kihindi zilizotoka Kenya mwaka 1967 na 1968 zilihamia Uingereza, na baadhi yao Birmingham. Mtoto wa Nairobi alikuwa amezoea shilingi yenye senti 100, kwani shilingi ya Afrika Mashariki iligawanywa hivyo tangu mwaka 1921. Huku alikuta shilingi yenye peni 12, na pauni yenye shilingi 20. Fikiria mtoto huyo dukani akijumlisha bei kwa namna hiyo. Tarehe 15 Februari 1971 Uingereza yenyewe iliuacha mfumo huo, ikaigawa pauni kwa mia.

Lakini tusijisifu kupita kiasi, kwani Kiswahili nacho kina pazia lake, na pazia hilo ndilo lililonifanya nimkosoe yule binti. Tukifika makumi ya pili tunaacha njia yetu na kuingia ya Kiarabu: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini, sabini, themanini, tisini. Kwa Mwarabu majina haya yana uhusiano ulio wazi na tatu yake, nne yake na tano yake. Sisi tuliyachukua makumi yote lakini hatukuzichukua namba ndogo zote. Tulichukua sita, saba na tisa, tukaziacha tandatu, fungate na kenda. Ndiyo maana mtoto anaiona sita ndani ya sitini, saba ndani ya sabini na tisa ndani ya tisini. Haioni mbili ndani ya ishirini, wala tatu ndani ya thelathini, wala nne ndani ya arobaini, wala tano ndani ya hamsini, wala nane ndani ya themanini. Matatu yako wazi, matano yamefunikwa. Msikilizeni mtoto anayejifunza kuhesabu, mtasikia anakwama wapi: mara nyingi ni thelathini na themanini.

Kiswahili cha mashariki ya Kongo hakina pazia hilo kinaposema makumi mbili, makumi tatu, makumi nane. Kimeshika njia ya ndugu zake wa Kibantu. Mganda husema amakumi abiri, Mnyarwanda husema makumyabiri. Mwenye kusema "makumi mbili na tatu" ameshataja jibu la swali nililowauliza watoto: mafungu mawili ya kumi, na vijiti vitatu. Yule binti hakuwa na akili kuliko wenzake. Jina la namba lilikuwa limeshamwambia afanye nini, nami nilitumia nusu saa nzima kumzuia asilisikilize.

Najua wahadhiri wetu watauliza: je, tuache ishirini? La. Ishirini ni Kiswahili, ndiyo itumikayo sokoni, redioni na vitabuni, na mtoto asiyeijua atapotea Kariakoo siku ya kwanza. Ninachoomba ni kwamba majina yote mawili yasemwe pamoja kwa muda: "makumi mawili na tatu, yaani ishirini na tatu." Wala hapo usanifu haujavunjwa. Mamoja, makumi, mamia na maelfu ni istilahi za vitabu vya hisabati vya shule za msingi Tanzania. Mtoto wa Bukavu akisema makumi mbili, tofauti yake na kitabu ni upatanisho wa kisarufi tu, na upatanisho unaweza kungoja hadi somo la sarufi. Katika somo la namba, amepata.

Pingamizi la pili hutoka kwa wazazi, nalo ni zito zaidi. Mama mmoja wa Unguja aliambiwa na mwalimu wa shule ya mwanawe, shule ambayo sitaitaja, kwamba hesabu za nyumbani zifanywe kwa Kiingereza ili mtoto asichanganyikiwe. Akatii. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mwanangu, mtihani watamtungia kwa Kiswahili?" Swali lake ni la haki. Jibu langu ni kwamba fungu la kumi halina lugha. Mtoto aliyeliona fungu kwa Kiswahili analiona pia katika "twenty-three", kama vile aliyejifunza kuogelea Forodhani hazami katika bwawa la Birmingham. Kinachotakiwa ni daraja, na daraja ni swali fupi: "Fourteen ni kumi na ngapi?" Mtoto anayejibu "na nne" kabla ya kuandika haandiki 41. Aidha, mama yule hesabu za Kiingereza anazifanya kwa kusitasita, lakini za Kiswahili anazifanya huku akipika. Kumwambia aache lugha yake ni kumwondolea mtoto mwalimu aliye karibu naye kuliko wote.

Pingamizi la tatu ninajitolea mwenyewe: lugha peke yake haitoshi. Nimemwona mtoto anayesema Kiswahili fasaha akiandika 1005 kwa "mia moja na tano". Ameandika mia, yaani 100, kisha ameandika tano. Hapa Kiswahili na Kiingereza vina ila moja, kwani mdomo ukikuta nafasi tupu huiruka, ilhali karatasi hairuki. Kazi hiyo ya kushika nafasi ni ya sifuri, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao maana yake ni kitu kitupu. Wakubwa wanajua pia kwamba "elfu kumi na tano" inaweza kuwa 15,000 au 10,005, na kwamba ni mapigo ya sauti tu yanayotuokoa. Kwa hiyo majina yaende pamoja na vitu vya kushika mkononi.

Vitu vyenyewe si ghali. Shule za huku hutumia vipande vya Dienes, vilivyopewa jina la Zoltán Dienes, mwanahisabati mzaliwa wa Budapest aliyewahi kufundisha hapo jirani, Leicester. Kipande kidogo ni moja, mwamba wa kumi ni vipande kumi vilivyoshikana, na bamba la mia ni miamba kumi. Sisi tunatumia vijiti na mipira ya kufungia. Mtoto afunge fungu mwenyewe, na alifungue mwenyewe anapokopa. Asipewe lililokwisha kufungwa, maana atalihesabu kuwa kitu kimoja.

Kwa sifuri tunatumia kadi. Kadi ndefu imeandikwa 100, ya kati 20, fupi 5. Mtoto anaiweka 5 juu ya sifuri ya mwisho ya 100, na inatokea 105, si 1005. Huku akiweka, anasema kwa sauti: "Mia moja, makumi hakuna, mamoja matano." Ile "makumi hakuna" ndiyo sifuri yenyewe, imepewa sauti. Na kwa wazazi wasio na muda wa kadi, sarafu zipo. Peni 1, peni 10 na pauni 1 ni mamoja, makumi na mamia. Mtoto atumwe mkate Stratford Road akiwa na pauni moja na peni thelathini na tano. Njiani aulizwe: kama ungebeba peni moja moja tu, zingekuwa ngapi?

Bibi zetu walilijua jambo hili bila kadi. Tunasema haba na haba hujaza kibaba, halafu methali tunaiachia hapo. Jikoni haikuishia hapo: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kipimo kikijaa, unahamia kikubwa zaidi na kile kidogo unaanza upya kikiwa kitupu. Kipimo chao kilikuwa mbili na nne, chetu ni kumi, lakini fikra ni ileile. Mtoto aliyewahi kupima mchele na bibi yake yuko nusu ya njia.

Basi nina maombi mawili. Kwa kamati ya chama chetu: kabla ya muhula ujao tuchapishe kadi za mamoja, makumi na mamia zenye majina yote mawili, makumi mawili na ishirini, tuwape wazazi waende nazo nyumbani. Gharama yake ni karatasi na gundi. Kwa wahadhiri wetu: mnapotufundisha kuhusu lahaja, mtufundishe pia tuzisikilize zina kazi gani kabla hatujazisahihisha. Kalamu nyekundu tunaibeba hadi Sparkhill, na huko inawaangukia watoto wa miaka 7.

Jumamosi iliyofuata baada ya zoezi lile nilimwomba radhi mama wa Bukavu. Alicheka, akasema hakuna neno. Kisha nikamwomba binti yake asimame ubaoni atuhesabie kutoka kumi hadi mia kwa njia ya kwao, na wenzake wamfuate kwa njia ya kwetu. Makumi mbili, ishirini. Makumi tatu, thelathini. Walipofika makumi nane, mtoto wa Unguja ambaye themanini ilikuwa ikimponyoka tangu Septemba aliisema kabla ya wote.

Lile duara kwenye 23 bado sijalifuta. Wiki hii watoto wanne waliinua mafungu mawili. Waliobaki bado wanainua vijiti viwili, nasi tutarudi tena Jumamosi.